Jicho Moja Likitokeza, Uliza Lilianza Lini

Jicho limekaa ndani ya tundu la mfupa lenye nafasi ya mililita 30 hivi, na lenyewe huchukua kama 7 tu. Kwingine kote kumejaa mafuta, misuli, neva na mishipa ya damu. Kwa kuwa mfupa haupanuki, chochote kinachovimba au kuota humo hulisukuma jicho upande ulio wazi, yaani mbele. Ndiyo maana matone ya duka la dawa, ambayo wengi hukimbilia kwanza, kwa kawaida hayafiki kwenye chanzo. Kwa asiye daktari, kidokezo kikubwa kuliko ukubwa wa uvimbe ni kasi yake. Mtoto aliyekuwa na mafua, kisha ndani ya siku moja au mbili akapata homa, kope zikavimba na jicho likatokeza, huenda usaha umepenya kutoka sinasi, yaani mashimo ya hewa yaliyo kwenye mifupa kando ya pua. Huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo, kwani anaweza kupofuka au maambukizi yakafika kwenye ubongo. Aliyeumia kichwa katika ajali, kisha jicho likawa jekundu na kudunda pamoja na moyo, naye asingoje: huenda ateri imepasukia kwenye mshipa ulio nyuma ya jicho.

Wapo wanaosema kisichouma hakina haraka. Hapo ndipo watoto wetu wanapopotea. Saratani ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliielezea mwaka 1958 akiwa Kampala hukua kwa wiki chache tu, taya likavimba au jicho likasukumwa nje, mara nyingi bila maumivu makali. Nayo husikia dawa ikiwahiwa. Kwa mtu mzima jambo likienda kwa miezi, mshukiwa wa kwanza ni tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Atabisha mtu kwamba ugonjwa wa tezi hutokeza macho yote mawili. Mara nyingi ndivyo, lakini hata kwa jicho moja ndio unaoongoza kwa watu wazima, na majibu mazuri ya damu peke yake hayauondoi. Sigara huuzidisha.

Ni kweli pia kwamba nyuso hazilingani. Tofauti isiyozidi milimita 2 ni ya kawaida, na pengine kope ya jicho la pili ndiyo iliyolegea. Tazama picha ya kitambulisho cha zamani: kama tofauti haimo, nenda ukapimwe.