Je, Mbwa Wako Anakujua?

Kama una mbwa nyumbani, jiulize. Je, unaweza kumshika masikio na miguu naye akatulia? Kama huwezi, basi mbwa huyo si wako. Anakula kwako tu.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mahindi na maharage. Lakini siku ya chanjo ya mbwa, bwana mifugo huniomba nimwandikie daftari. Mwaka mmoja tulikaa chini ya mwembe tangu asubuhi. Watu walileta mbwa wao. Wengine waliwavuta kwa kamba, wengine kwa waya. Mbwa walibweka na kupigana. Wawili walikata kamba wakakimbilia porini. Kijana mmoja aliumwa mkono na mbwa wa baba yake mwenyewe. Mbwa yule hakuwa mbaya. Tangu azaliwe hakuwahi kuguswa na mtu ila kwa fimbo.

Kisha akaja mzee mmoja aliyefiwa na mke wake. Hakuwa na kamba. Mbwa wake, jike dogo la rangi ya udongo, alimfuata nyuma. Mzee alichuchumaa, akamkumbatia, akamsemesha polepole. Sindano ikaingia. Mbwa akatikisa mkia.

Niliuliza jina la mbwa ili niandike.

"Anaitwa Tuko Wawili," mzee alijibu.

Watu walicheka. Mimi nilimwuliza mbwa huyo anamlindia nini.

"Hanilindii kitu, bwana shamba. Nina kuku wanne tu. Lakini jioni nikirudi, yupo wa kunipokea."

Wengi wetu tunajua mbwa wa kufukuza nyani shambani, au wa kuwinda. Kufuga mbwa kwa ajili ya urafiki twaona ni mambo ya mjini. Si kweli. Urafiki huu ni wa zamani kuliko jembe. Mwaka 1914, huko Bonn-Oberkassel katika nchi ya Ujerumani, ilifukuliwa mifupa ya mwanamume na mwanamke, pamoja na ya mbwa mchanga. Walizikwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Watu wa huko walikuwa bado hawajaanza kulima. Wataalamu walichunguza meno ya mbwa yule, wakaona kuwa aliugua sana kwa majuma kadhaa. Mbwa mgonjwa hawindi wala halindi. Lakini kuna mtu alimlisha na kumtunza.

Tena urafiki una faida kubwa siku ya chanjo. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kuogopa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni vigumu mno kupona. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa karibu watu 99 kati ya kila 100 wanaoupata, huambukizwa na mbwa. Watoto ni wengi miongoni mwao, maana ndio wanaocheza nao. Ili ugonjwa usienee, yafaa mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe. Sasa, mbwa asiyeshikika tutamchanjaje?

Wale wawili waliokimbia hawakuletwa tena. Baada ya miezi michache, mmoja wao alimwuma mtoto wa jirani. Mama yake alifanya jambo la maana. Aliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha akampeleka mtoto hospitali siku ile ile. Mtoto alichomwa sindano zote. Yu hai.

Basi anza mapema. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya majuma 8. Mshikeshike kila siku. Mpe jina, umwite kwa jina hilo wakati wa chakula. Wakataze watoto kumtupia mawe. Mpe maji safi na kivuli. Usimtupie maini au mapafu mabichi yenye vifuko vya maji, kwa sababu vina minyoo, na minyoo hiyo hurudi kwa watu. Akifika miezi 3, mpeleke kwenye chanjo, kisha kila mwaka.

Mbwa unayemjua, utamtambua akibadilika. Mpole akiwa mkali bila sababu, au akitokwa mate na kushindwa kumeza, kaa mbali naye. Usitie mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa. Hata kama ni rafiki yako. Mwite bwana mifugo.

Mwaka uliofuata mzee alikuja tena chini ya mwembe. Tuko Wawili alimfuata, na nyuma yake watoto wake wawili wa miezi mitatu. Niliuliza majina yao.

"Hawa bado hawana. Wanatafuta wenyewe," mzee alisema.

Mmoja nilimchukua mimi.