Je, Wajua Nembo ya Kijani kwenye Pakiti ya Viungo Inashuhudia Nini?

Kwenye maduka ya Mji Mkongwe wa Unguja, kuanzia Darajani mpaka vichochoro vya Hurumzi, utakuta pakiti za mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga zimepangwa kila upande. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni za kilimo hai. Zenye nembo ni chache. Neno anaweza kuliandika yeyote mwenye printa. Nembo ina mwenyewe na kanuni zake, na nyuma yake lazima pawe na faili lenye jina la mkulima, ramani ya shamba lake na saini ya mtu aliyefika kulikagua.

Tuichukue ya Umoja wa Ulaya, maana sheria yake ndiyo inayowahangaisha sana wauzaji wetu wa nje. Ni jani lililochorwa kwa nyota 12 nyeupe juu ya rangi ya kijani, na lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Wengi hulitazama jani wakaridhika. Habari yenyewe iko kwenye maandishi madogo yaliyo karibu nalo: herufi mbili za nchi, kisha BIO au neno la maana hiyo, kisha tarakimu. Msimbo huo unaitaja taasisi ya ukaguzi iliyomkagua mtu wa mwisho kufungasha au kubandika lebo. Kwa hiyo mdalasini wa Kizimbani uliosafirishwa kwa magunia na kutiwa kwenye vichupa Ujerumani utaandikwa DE. Mstari unaofuata utasema tu kwamba kilimo kimefanyika nje ya Umoja wa Ulaya, na jina la Unguja linaweza lisionekane popote. Nikiona pakiti yenye TZ, najua kazi ya kufungasha imebaki huku pamoja na malipo yake, na hilo hunifurahisha kuliko jani lenyewe.

Faili huanzia shambani. Ukienda Kizimbani, Dole au Kindichi hukuti mdalasini umepandwa kwa mistari peke yake. Umesimama chini ya minazi, mpilipili manga umeparamia mti wa jirani, na pembeni kuna migomba na muhogo. Wapo wakulima wengi ambao hawajawahi kutia mbolea ya chumvichumvi kwenye viungo vyao, wala wazee wao hawakutia. Lakini hilo halitoshi. Kwa miti ya kudumu kama mdalasini, kanuni ya Ulaya inataka miaka 3 ya mpito chini ya ukaguzi kabla ya mavuno ya kwanza kuuzwa kwa jina la kilimo hai. Miaka hiyo mkulima analima kwa masharti mapya na anauza kwa bei ya zamani.

Mkaguzi akija haangalii majani tu. Anaingia stoo, anauliza mbegu zimetoka wapi, anapima umbali wa mpaka. "Mzee, huyu jirani yako wa bondeni anapiga dawa gani?" Swali hilo ni la haki, kwa sababu upepo haujui mpaka. Kisha anageukia magunia. Gunia lililowahi kubeba mbolea au dawa ya mimea linaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima, kwani maabara za siku hizi huona hata sehemu ya mia ya miligramu katika kilo moja. Ndiyo maana pia karafuu huanikwa juu ya majamvi: ikianikwa kando ya lami, inanyonya moshi na vumbi la magari.

Baada ya kukauka kuna mtihani mwingine ambao mnunuzi hauoni. Duniani, viungo vya kawaida mara nyingi husafishwa kwa gesi au kwa mionzi ili kuua vijidudu. Vya kilimo hai vya Ulaya haviruhusiwi njia hizo, hivyo hutumika mvuke wa moto. Hata hivyo nembo haizuii udanganyifu wote. Gesi ya ethilini oksaidi ilipigwa marufuku kwa chakula Ulaya tangu 1991, lakini mwaka 2020 iligunduliwa kwenye ufuta kutoka India, na baadhi ya ufuta huo ulikuwa na nembo ya kilimo hai.

Liko jambo lingine linalonigusa zaidi. Mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake hukatika upesi. Kila msimu wachumaji huanguka, wengine wakapata ulemavu, wengine wakafa. Jani la kijani halisemi lolote kuhusu watu hao. Linahusu udongo, dawa na kumbukumbu. Kwa habari za watu inabidi utafute nembo nyingine. Ya biashara ya haki, iliyoanzia kwenye kahawa kule Uholanzi mwaka 1988 na ambayo wakulima wa Kagera na Kilimanjaro wanaifahamu, inadai ziada ya fedha inayoingia kwenye ushirika, na wakulima wenyewe ndio wanaoamua itumike vipi. Chura aliye kwenye nembo ya Rainforest Alliance, shirika lililoungana na mpango wa vyeti wa UTZ mwaka 2018, anaangalia misitu, ajira za watoto na usalama kazini. Hakatazi dawa zote za viwandani wala haweki bei ya chini. Anayedhani nembo zote zinasema jambo moja atanunua kitu asichokikusudia.

Gharama ya ukaguzi hakuna mwenye ekari mbili anayeimudu peke yake. Kwa hiyo wakulima hukaguliwa kama kikundi: wao huwa na wakaguzi wa ndani wanaofika kila shamba kila mwaka, halafu taasisi ya nje inarudia kukagua sehemu yao. Kanuni mpya ya Ulaya, iliyoanza kuwabana wakulima wa nchi zetu mwaka 2025, inataka kikundi kiwe chombo kilichosajiliwa cha wakulima wenyewe, kisizidi wanachama 2,000, na angalau asilimia 5 yao wakaguliwe upya kutoka nje. Makaratasi yameongezeka, ni kweli. Lakini zamani kampuni inayosafirisha ndiyo iliyoweza kushika cheti cha kikundi, na mkulima akigombana nayo alibaki mikono mitupu. Hapo nasimama upande wa kanuni mpya.

Sisi wenyewe pia tuna nembo yetu, Kilimohai, iliyotokana na kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007. Inaruhusu wakulima kukaguana wao kwa wao, mnunuzi naye akishirikishwa. Ulaya haiutambui utaratibu huo, ila kwa hoteli za Nungwi na Paje, ambazo hupokea mboga na matunda mengi kutoka bara, unatosha kabisa, na sioni sababu ya kutoutumia.

Ukiwa dukani, geuza pakiti. Ukikuta jani bila msimbo, mwombe muuzaji cheti. Vyeti vya Ulaya vimewekwa wazi kwenye mtandao, katika mfumo uitwao TRACES, na vinataja jina la kikundi, tarehe ya kuisha na kila zao lililokaguliwa. Angalia mazao hayo kwa makini: kikundi chenye cheti cha mdalasini hakina ruhusa ya kubandika jani hilo kwenye vanila.