Bwawani mnafika saa ngapi? Samaki, konokono na upepo kila mmoja ana saa yake

Mkipanga kwenda bwawani wikiendi, swali la kwanza huwa nani ana gari. La pili, nani analeta nyama. La tatu ndiyo muda, na jibu karibu kila mara ni hili: "Saa nne tuwe tumeshafika." Inaonekana muda mzuri. Jua limetoka, watu wameamka, chai imenyweka. Sasa ukiangalia kinachotokea ndani ya maji yenyewe, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana ndiyo kipindi kibaya kuliko vyote kwa mtu anayetaka kupiga kafi na kuvua kidogo. Tuone kwa nini.

Tuchukue mfano wa Bwawa la Mindu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Ukisafiri kwenda Iringa unaliona kando ya barabara kuu. Lilijengwa miaka ya 1980 kwa kuuzuia Mto Ngerengere, ambao unapata maji yake kutoka milima ya Uluguru, na ndilo linalonywesha sehemu kubwa ya mji. Kwa hiyo jambo moja kabla ya sayansi: hicho ni chanzo cha maji ya kunywa, siyo bwawa la kuogelea la hoteli. Ruhusa ya kushusha chombo iulizwe Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na masharti ya uvuvi yaulizwe kwa afisa uvuvi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bwawa au mto dhidi ya shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu chanzo. Moto wa nyama choma na chupa za plastiki ukingoni, jipimie mwenyewe.

Haya, tuanze na samaki. Samaki anapumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na hiyo haiko kwa kiwango kilekile siku nzima. Mchana mwani na majani ya majini hufanya usanisinuru na kuachia oksijeni. Usiku usanisinuru unasimama, lakini kupumua hakusimami: samaki, mwani, bakteria wanaooza matope, wote wanakula akiba ileile. Matokeo yake oksijeni inashuka usiku kucha na kufika chini kabisa kabla tu ya jua kuchomoza. Tena maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuanzia mwanzo. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji matamu ya nyuzi 20 inaweza kubeba miligramu 9 hivi. Yakiwa ya nyuzi 30, zinabaki 7.6. Ndiyo maana katika bwawa lenye mwani mwingi unaweza kuona alfajiri perege wamepandisha midomo juu kama wanaomba kitu. Wengi hudhani wana njaa. Wanatafuta hewa, na samaki anayetafuta hewa hana muda na chambo chako.

Jua likishapanda kidogo hali inabadilika. Kuanzia kama saa moja, oksijeni inapanda, maji ya juu bado yana ubaridi, na perege, ambaye hula zaidi mchana, anaanza kuzunguka karibu na ukingo. Kambale ni mtu wa ratiba nyingine. Ana kiungo maalumu cha kupumulia hewa ya kawaida, kwa hiyo maji mabovu hayamsumbui sana, na hutafuta chakula usiku kwa ndevu zake. Ukitaka kambale, huo ni mpango wa jioni na usiku, na mimi sikushauri kuwa kwenye mtumbwi usiku. Vua ukiwa nchi kavu, mbali na njia za wanyama.

Saa ya pili ni ya konokono, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia bila kujua.

Kichocho huanza na mtu mgonjwa anayekojoa au kujisaidia majini au karibu na maji. Yai la mnyoo likigusa maji matamu linaanguliwa, na mtoto anayetoka ana saa chache tu za kumpata konokono wa aina inayomfaa. Akimpata, anaingia na kuongezeka humo ndani. Baada ya wiki nne hadi sita hivi, konokono huyo anaanza kuachia serkaria, vijidudu vyenye mkia wa panda, vidogo kuliko milimita moja. Mamia kwa siku, hata maelfu, kutoka kwa konokono mmoja. Serkaria hahitaji kidonda wala kumezwa. Akikugusa anatoboa ngozi nzima ndani ya dakika chache, anaacha mkia nje na kuingia.

Sasa, konokono hawaachii serkaria ovyo ovyo. Wanasubiri mwanga na joto. Maabara hutumia tabia hii: unamweka konokono gizani, kesho yake unamweka kwenye chombo chenye maji chini ya taa, na baada ya saa moja au mbili maji yanaanza kuwa na vijidudu vinavyorukaruka. Bwawani taa hiyo ni jua. Kwa vichocho vya binadamu, kilele ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Yaani muda uleule ambao mmepanga kushuka majini.

Kwa nini muda huo? Maelezo yanayokubalika ni kwamba mnyoo umejifunza ratiba ya mwenyeji wake. Katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibiani, kuna kichocho cha tumbo kinachoishi kwa watu na kingine cha spishi hiyohiyo kinachoishi zaidi kwa panya. Cha watu hutoka kwa konokono karibu na mchana. Cha panya hutoka jioni, wakati panya wanatoka kutembea. Konokono hana habari na yeyote kati yao. Ni kizazi baada ya kizazi, serkaria waliotoka muda ambao mwenyeji hayupo walikufa bila kuacha mtoto.

Usije ukaniambia baadaye kwamba nilisema asubuhi ni salama kabisa. Serkaria anaweza kuishi hadi siku mbili, ingawa nguvu yake ya kuambukiza hupungua sana baada ya saa chache za kwanza. Asubuhi mapema hatari ni ndogo, haijaisha. Na mahali pana uzito kuliko hata saa. Konokono hawa wanapenda maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani. Katikati ya bwawa, kwenye maji ya kina, huwakuti kwa wingi. Tatizo ni kwamba hakuna anayeingia kwenye kayaki katikati ya bwawa. Unaingilia ukingoni, kwenye tope na matete, maji yakiwa magotini, unasukuma chombo, unarekebisha mfuko, unapiga picha tatu za kuweka mtandaoni. Hizo dakika tano ndizo za kupangia. Tafuta sehemu ya kushukia yenye changarawe au mawe, isiyo na majani, vaa gambuti ndefu, na upande chombo kikiwa tayari kimeelea. Kujifuta kwa taulo ukitoka majini kunaweza kusaidia, lakini usikutegemee kama kinga. Tanzania hutajwa kuwa ya pili Afrika kwa wagonjwa wa kichocho baada ya Nigeria. Hili si jambo la kutishia wageni tu.

Saa ya tatu ni ya upepo. Asubuhi ardhi na milima bado ina ubaridi na maji huwa kama kioo. Miteremko ikipata jua, hewa juu yake inapata joto, inapanda, na nyingine inavutwa kuja kujaza nafasi. Kadiri mchana unavyoingia upepo unakaza, na ukipita juu ya maji wazi bila kizuizi mawimbi yanakua kwa umbali.

Fanya hesabu rahisi. Tuseme unapiga kafi kwa kilomita 4 kwa saa na upepo unakusukuma kwa kilomita 1 kwa saa. Kwenda kilomita 2 upepo ukiwa mgongoni utatumia dakika 24. Kurudi, dakika 40. Wakati umesimama kuvua, upepo ukaongezeka na sasa unakusukuma kwa kilomita 2 kwa saa: kurudi ni saa nzima, umechoka, na mawimbi yanaingia chomboni. Kwa hiyo anza safari kwa kuuelekea upepo ili urudi nao. Na jaketi la kuokolea maisha livaliwe, lisikaliwe kama mto.

Kabla hujatega alamu ya saa kumi na moja alfajiri, kuna kiboko. Uliza wavuvi wa pale kama yupo, na mamba pia. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula majani na hurudi karibu na mapambazuko, kwa njia zilezile. Mtu anayekutwa kati yake na maji yuko pabaya sana. Subiri jua litoke, uone vizuri, na usishushe chombo kwenye njia iliyolimika kwa miguu yake.

Ukiweka saa hizi zote pamoja, unabaki na dirisha dogo: kuanzia kama saa 12.30 asubuhi mpaka saa nne kasoro, muwe mmeshatoka majini. Nyama ichomwe baada ya hapo, mbali na ukingo.

Mto wenyewe ni habari nyingine. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, mvua inaweza kunyesha Uluguru huku mjini kukiwa kukavu, na Ngerengere ukajaa ghafla. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, au vijiti na majani vikianza kupita kwa wingi, toka papo hapo. Nguvu ya maji huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, msukumo kwenye miguu yako unazidi mara nne. Na sehemu inayopita mjini, chini ya bwawa, inapokea maji taka. Mimi nisingevua huko samaki wa kula.

Kama uligusa maji, weka tarehe kwenye simu. Kupima siku mbili baadaye hakusaidii, kwa sababu minyoo bado haijakomaa wala kutaga, na dawa ya prazikwanteli huua iliyokomaa zaidi kuliko michanga. Subiri wiki sita hadi nane ndipo uende kituo cha afya, hata kama hujisikii chochote. Ukiombwa mkojo, upeleke ule wa kati ya saa nne na saa nane mchana. Mayai ya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi zaidi muda huo, uleule ambao serkaria wako bwawani.