Asili, Kiasi na Milinganyo Yenye Sehemu

Neno aljebra latokana na jina la kitabu alichokiandika al-Khwarizmi mjini Baghdad yapata mwaka 820. Al-jabr kwa Kiarabu ni kuunga, hata kuunga mfupa. Na sehemu ya hesabu katika lugha hiyo huitwa kwa neno la kuvunjika. Kiswahili kilishika njia nyingine. Sehemu ni fungu, na nusu, theluthi na robo ni mafungu ya wenye kugawana.

Mtoto wa Nkende, wilayani Tarime, ambaye Kikuria ndicho lugha yake ya kwanza, hufundishwa shuleni kwamba namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Maneno hayo yamechaguliwa vema: asili yaonyesha kizima kimegawanywa mara ngapi, kiasi chahesabu mafungu yaliyochukuliwa. (Sehemu ambayo kiasi chake chazidi asili huitwa guni, kama shairi lililopotoka kanuni, washairi na wanahesabu wamekutana hapo.)

Penye taabu ni kitenzi. Mzee ametoa theluthi ya ng'ombe wake kwa mahari ya mwanawe wa kwanza na robo kwa ya wa pili, jumla ng'ombe 14. Alikuwa nao wangapi?

x/3 + x/4 = 14

Mwanafunzi aliyeambiwa "ondoa asili" huziondoa pale azionapo, yaani kushoto tu, kwa kuzidisha kwa 12, kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 4. Apata 7x = 14, na x = 2. Basi mzee mwenye ng'ombe 2 ametoa 14! Neno mlinganyo lingemwonya, kwa kuwa latokana na kulingana: kizidishwacho upande mmoja sharti kizidishwe na wa pili. Aambiwe "zidisha kila upande kwa 12", naye ataandika:

4x + 3x = 168
7x = 168
x = 24

Theluthi ni 8, robo ni 6. Herufi ikiwa katika asili, jawabu lifanyalo asili kuwa sifuri hukataliwa.

Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili. Sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Huko mtoto yuleyule huviacha asili na kiasi mlangoni, akaanza upya kutafuta majina ya namba alizokwisha kuzijua.