Stima Inapokosa Nguvu: Volteji Duni Majumbani Kericho na Bomet

Utangulizi

Katika vijiji vya wakulima wa majani chai vya Kericho na Bomet, lalamiko la jioni aghalabu huwa moja: "Stima ni kidogo." Taa hufifia, pasi haipati moto na friji hunguruma bila kugandisha. Kauli hiyo inaeleweka, lakini haitoshi. Neno stima, lenye asili ya Kiingereza na ambalo lilitumika pia kuitaja meli ya mvuke, hubeba nchini Kenya dhana kadhaa kwa pamoja: volteji, mkondo na hata huduma yenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuzitenganisha dhana hizo si suala la istilahi tu. Ndiko kunakomwezesha mwenye nyumba kutambua hitilafu iko wapi na ni nani wa kuirekebisha.

Chanzo cha tatizo

Volteji ni msukumo, mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita, na ukinzani ni kizuizi ambacho waya huuwekea mkondo huo. Nyumba nchini Kenya hutarajiwa kupata volti 240. Hata hivyo, sehemu ya msukumo hupotea njiani kutoka kwenye transfoma, na kiasi kinachopotea ni mkondo mara ukinzani. Tuseme waya wa kwenda na kurudi una ukinzani wa omu 1, na nyumba zilizo mwishoni mwa laini zinavuta ampea 50. Volti 50 zitapotea na nyumba hizo zitapata 190. Usiku wa manane, zikivuta ampea 10 pekee, zitapata 230. Ndiyo sababu tatizo huzidi baada ya magharibi, watu wanapopika na kupiga pasi.

Mazingira ya eneo hili huongeza uzito wa jambo hili. Maboma yametawanyika vilimani, kila moja katikati ya shamba lake, hivyo laini huwa ndefu. Mradi wa Last Mile, ulioanzishwa mwaka 2015, ulilenga kuwaunganishia umeme wakazi walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Wengi walipata nuru, lakini kila nyumba inayoongezwa huongeza mzigo kwenye transfoma ile ile. Mota ya kinu cha posho nayo huvuta mkondo mkubwa zaidi inapoanza kuzunguka, na taa za jirani hufifia kwa muda.

Athari zake

Vifaa haviathiriki kwa namna moja. Birika la wati 2,000 hutoa takriban wati 1,125 volteji ikishuka hadi 180; maji yatachemka, ila yatachelewa. Mota ya friji au ya pampu ndiyo yenye hatari. Ikikosa msukumo hushindwa kuzunguka, huvuta mkondo mwingi, hupata joto na huweza kuungua. Hapo mfugaji hupoteza friji pamoja na maziwa ya jioni yaliyomo. Kwa upande mwingine, chaja nyingi za simu zimeundwa kufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240. Simu kupata chaji, basi, si ushahidi kwamba volteji ni nzuri.

Hatua za kuchukua

Kwanza, volteji ipimwe na fundi mwenye leseni, mchana na usiku, na vipimo viandikwe pamoja na saa.

Pili, majirani waulizwe. Iwapo wao wako salama, huenda kosa liko katika waya unaoingia nyumbani au katika viungo vya ndani. Soketi yenye joto au harufu ya kuungua ni dalili ya kiungo kilicholegea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Iwapo kijiji kizima kimeathirika, jukumu ni la Kenya Power, inayopokea taarifa kwa nambari 97771. Kampuni ndiyo inayoweza kuongeza transfoma, kuweka waya mnene au kusawazisha mizigo. Mkaratusi ulioegemea waya pia uripotiwe. Mwenye shamba asiukate mwenyewe.

Tatu, taa za nyumba moja zikififia huku za jirani zikiwaka kupita kiasi, huenda waya wa nyutro umekatika. Swichi kuu izimwe mara moja na taarifa itolewe.

Wengi hukimbilia stabilaiza. Ifahamike kuwa kifaa hicho hakizalishi umeme. Hupandisha volteji ndani ya nyumba kwa kuvuta mkondo zaidi kutoka kwenye laini. Kila nyumba ikifanya hivyo, volteji ya wote huzidi kushuka. Kifaa kinachokata umeme volteji inaposhuka huilinda friji bila kumwongezea jirani mzigo. Kupiga pasi mchana pia husaidia.

Hitimisho

Anayeripoti kwamba stima ni kidogo humwachia fundi kazi ya kubahatisha. Anayesema kwamba volteji ilikuwa 185 saa mbili usiku, na kwamba nyumba zote za mwisho wa laini zimeathirika, amekwisha kuonyesha mahali pa kuanzia. Maneno ya kusemea hayo yamo katika Kiswahili. Kilichobaki ni kuyafikisha kijijini, yasiishie darasani.