Nyatiti Uwanjani: Vipaza Sauti vya Kujitengenezea

Mpiga nyatiti akiketi nyumbani jioni, sauti ya nyuzi zake nane huenea chumba kizima, wala hakuna asiyeridhika. Lakini mtoeni mzee huyo uwanjani mchana, mbele ya watu mia nne, penye upepo na watoto na pikipiki zipitazo, nanyi mtaona tofauti. Mimi nililiona jambo hilo kwa macho yangu siku ya wazazi katika shule moja ya kwetu. Mzee tuliyemwalika alipiga kwa muda wa dakika kumi hivi. Waliokaa mstari wa mbele walitikisa vichwa kwa furaha. Wa nyuma walizungumza habari za bei ya mahindi. Kisha kijana mmoja akafungulia muziki wa mashine kutoka garini, na mzee akaitia ala yake katika gunia, akaondoka pasipo kuaga. Aibu ile ilitupata sote wa kamati, nami ndimi niliyekuwa mwandishi wake.

Kukodi vyombo vya mjini kulipita uwezo wetu, basi tukaazimia kujitengenezea. Msomaji huenda akasema kwamba kazi hiyo ni ya wahandisi wenye viwanda. Sivyo. Mwaka 1915 huko Napa, California, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham walikiunganisha chombo chao kidogo cha umeme na pembe ya gramafoni, na katika mkesha wa Krismasi wa mwaka uo huo umati mkubwa uliokusanyika nje mjini San Francisco ulisikia muziki kwa chombo hicho.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Kinshasa. Mawangu Mingiedi, Mzombo wa upande wa mpaka wa Kongo na Angola, alikuwa mpiga likembe, yaani ala ile ndogo yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Likembe ni pole kuliko hata nyatiti, na mitaa ya Kinshasa haina upole wo wote. Katika miaka ya 1960 Mingiedi aliunda kundi lililokuja kujulikana kwa jina la Konono Nº1. Walichukua sumaku katika vyuma vya magari yaliyokufa, wakazizungushia waya wa shaba, na kuziweka chini ya vijiti vya likembe. Kijiti cha chuma kikitikisika karibu na sumaku, umeme kidogo sana huzaliwa katika waya, na umeme huo ndio unaokuzwa na kupelekwa kwenye vipaza sauti. Vipaza sauti vyao vilikuwa vya namna ya tarumbeta. Vyombo hivyo vilikwaruza vibaya, nao wakayaacha makwaruzo yawe sehemu ya muziki. Mwaka 2004 sahani yao iitwayo Congotronics ilitolewa na kampuni ya Ubelgiji, wakaalikwa kupiga Ulaya na Marekani. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Tuliposoma habari hizo tulikimbilia gereji kutafuta sumaku, na hapo ndipo tulipokosea. Nyuzi za nyatiti za siku hizi ni za nailoni, kama za kuvulia samaki, na sumaku haina shughuli na nailoni. Tulipoteza Jumamosi mbili kabla ya kulitambua neno hilo. Kilichotufaa ni kile kisahani chembamba kilichomo ndani ya vichezeo vya watoto vinavyolia. Kikigandishwa juu ya ngozi ya ala, kila mtikisiko wa ngozi hukifanya kitoe umeme. Hunasa hata mgongo wa pete ya chuma ambayo mpigaji huivaa katika kidole gumba cha mguu, na pete ile ni nusu ya uhondo wa nyatiti.

Kwa tarumbeta tulinunua mbili kuukuu. Nguvu za mashine yetu ya kukuzia sauti zilikuwa wati 30 tu, na wengi walitucheka. Yafaa nieleze kwa nini hazikuwa haba. Uwanjani hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu ya sauti hubaki robo. Aliye mita 40 hupata sehemu moja tu ya 16 ya ile impatayo aliye mita 10. Tena, ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, sharti wati ziongezwe kama mara kumi. Kushindana kwa wati, basi, ni kumwaga fedha. Tarumbeta huikusanya sauti na kuielekeza upande mmoja, kama mtu azungukapo mdomo kwa viganja akimwita mwenzake ng'ambo ya mto. Tulizitundika juu ya nguzo, kimo cha mita tatu, zikielekea watu wa nyuma, maana miili ya walio mbele huimeza sauti inayopita chini. Sauti nene haipiti vizuri katika tarumbeta, lakini ngoma zetu hazikuhitaji msaada wa mtu.

Siku ya kwanza ya majaribio vyombo vilipiga yowe hata mbwa wakakimbia. Sababu ni kwamba maikrofoni ya mwimbaji ilikuwa mbele ya tarumbeta: ilisikia sauti yake yenyewe, ikairudisha, ikaisikia tena, bila mwisho. Tulizisogeza tarumbeta mbele, mpigaji akabaki nyuma yake, na yowe likakoma.

Kosa la pili lilikuwa zito, nalo ni langu. Mashine ilikuwa ikivuma, nami nikashauriwa kuukata ule waya wa kwenda ardhini ambao mafundi huuita erthi. Nikaukata, mvumo ukatoweka, nikajiona fundi. Jioni ile kijana wetu mwimbaji aligusa maikrofoni kwa midomo huku ameshika gitaa la umeme la mwenzake, akarushwa nyuma. Aliumia mkono tu. Mwaka 1972, katika ukumbi mmoja wa Swansea, nchini Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey aligusa maikrofoni isiyokuwa na erthi, akafa jukwaani mbele ya watu. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240, na nyasi za uwanja huwa na umande.

Niliurudisha waya usiku ule ule. Sasa hivi tunatumia betri ya motokaa ya volti 12 panapowezekana, na mvumo wenyewe, kumbe, ulitokana na waya wa kisahani uliokosa kifuniko.

Mzee alikubali kurudi baada ya kufuatwa mara tatu. Alipiga kwa saa nzima, na yule muuza ndizi wa langoni alimwomba arudie wimbo mmoja. Kabla ya siku ya wazazi ijayo tunataka kuongeza tarumbeta ya tatu, lakini tumepatana kwamba haitawashwa mpaka fundi wa umeme mwenye cheti aje kuipima erthi.