Je, Wajua? Bega la Mwogeleaji Aliyevuka Ujana

Je, wajua kwamba hakuna kiungo mwilini kinachozunguka kwa uhuru kuliko bega? Uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, nacho kimeegemea kikombe kidogo chenye kina kifupi, kama chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Kazi kubwa ya kukizuia kisiteleze hufanywa na misuli minne midogo pamoja na kano zake. Kwenye kioo huioni, na ndiyo maana wengi huisahau wakafanyia mazoezi kifua tu.

Je, wajua kwamba katika mtindo huru mikono ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusonga mbele? Piga hesabu. Ukiogelea mita 2,000 katika bwawa la mita 25, kwa mipigo 20 kila unapolikata bwawa, umepiga mara 1,600, yaani mara 800 kwa kila bega. Siku tatu kwa wiki, kila bega limezunguka mara 2,400. Na mtu mwenyewe siku nzima alikuwa ofisini, amejikunja mbele ya kompyuta.

Je, wajua kwamba maumivu ya bega la mwogeleaji si lazima yawe ya uzee? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusu waogeleaji 80 wa kiwango cha juu, wenye umri wa miaka 13 hadi 25. Sabini na watatu kati yao walikuwa na maumivu ya bega. Kati ya hao 80, 52 walipigwa picha za MRI, na 36 kati ya hao 52 walionekana wana kano iliyochakaa. Walioogelea saa nyingi na masafa marefu kila wiki ndio walioathirika zaidi. Kwa hiyo unapoumwa ukiwa na miaka 45, usianze kuulaumu mwaka wako wa kuzaliwa. Anza na ratiba yako: wiki iliyopita uliongeza mita ngapi?

Je, wajua kwamba kano inaweza kuwa imechanika na mwenyewe asijue? Huko Japani, watafiti waliwapima wanakijiji 683 na kukuta mchaniko katika takriban asilimia 21 ya mabega. Hata miongoni mwa waliosema hawana tatizo lolote, karibu asilimia 17 walikuwa nao. Hivyo ukipewa picha yenye neno la kutisha, vuta pumzi kwanza. Picha peke yake haitoshi kukuambia uache maji.

Je, wajua kwamba kidole gumba kinaweza kukuponza? Waogeleaji wengi huuingiza mkono majini kwa kutanguliza gumba, kiganja kikitazama nje. Mkao huo huuzungusha mkono kwa ndani, na kano hubanwa chini ya paa la mfupa wa bega. Ingiza ncha za vidole kwanza, kiganja kikitazama chini, mkono ukiwa sawa na bega lako. Usiupeleke mbele ya uso ukavuka mstari wa katikati ya mwili. Hilo nalo hubana. Halafu ubingirishe mwili wote, kiwiliwili na nyonga pamoja. Anayelala bapa majini hulazimika kuurudisha mkono mbele kwa nguvu ya bega tupu. Mwombe mtu akurekodi kwa simu akiwa mbele yako, ukutani mwa bwawa. Ukijiona mwenyewe utaelewa haraka kuliko maelezo ya kocha ya mwezi mzima.

Kile kibao cha kushikilia huku ukipiga miguu? Kwa bega bovu ni adui: kinaiweka mikono juu ya kichwa, pale pale panapouma. Lala chali, mikono ubavuni, upige miguu. Vile vibao vya kuvaa viganjani vipumzishe kabisa, kwa kuwa vinaongeza mzigo kwa kila mpigo.

Je, wajua kwamba kuvutana mikono nyuma ya mgongo kabla ya kuingia majini, jambo linaloonekana kwenye mabwawa mengi, mara nyingi hudhuru? Bega la mwogeleaji kwa kawaida limelegea tayari. Linahitaji nguvu.

Je, wajua kwamba mwaka 1991 watafiti wa Marekani walipima umeme wa misuli ya waogeleaji wakiwa majini? Katika mabega mazima, msuli unaolishika kombe la bega upande wa mbavu haukupumzika hata kidogo. Kwenye mabega yenye maumivu, ulififia wakati wa kuvuta maji. Habari njema ni kwamba unaweza kuuimarisha nyumbani. Simama mbele ya ukuta, weka viganja usawa wa kifua, nyoosha viwiko, kisha bila kuvikunja sukuma ukuta mpaka mgongo wa juu uchomoze kidogo nyuma. Rudi polepole. Ongeza zoezi la mpira: kiwiko ubavuni, umebana taulo iliyokunjwa, vuta mpira kwenda nje taratibu, na urudi taratibu zaidi. Kano hujengeka kwa wiki na miezi, basi usikate tamaa siku ya kumi.

Kuhusu kisu, mwaka 2018 Waingereza walichapisha majaribio ya wagonjwa 313. Waliokwanguliwa mfupa ili kano ipate nafasi hawakupata nafuu ya maana kuliko waliotiwa kamera tu bila kukwanguliwa chochote. Wafini walipata matokeo kama hayo mwaka huo huo. Ukishauriwa upasuaji wa aina hii, uliza kwanza kama umepewa miezi ya mazoezi ya viungo. Sindano za steroidi hutuliza kwa muda, lakini zikirudiwarudiwa hudhoofisha kano. Na kumeza dawa ya maumivu ili uweze kuogelea ni kujiziba masikio.

Je, wajua kwamba si kila bega la mwogeleaji limeharibiwa na maji? Kati ya miaka 40 na 60, hasa kwa wanawake na wenye kisukari, bega huweza kuganda. Dalili yake: hata mtu mwingine akikuinulia mkono, haupandi. Kulilazimisha ni kulichochea.

Nenda kwa daktari ikiwa maumivu yanakuamsha usiku, ikiwa mkono umeishiwa nguvu ghafla baada ya kuanguka, au ikiwa ganzi inashuka hadi vidoleni. Na bega la kushoto likiuma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukatika, usingoje fiziotherapia: wahi hospitali dakika hiyo hiyo, kwani huo unaweza kuwa moyo.